Kumi na Moja Haigawanyiki

Niliwahi kumpa mwanafunzi sufuri kwa jibu ambalo leo naliona bora kuliko yote niliyosahihisha katika miaka 31 ya kufundisha Kiswahili. Ulikuwa mtihani wa mwigo wa Kidato cha Nne, karatasi ya fasihi. Nilikuwa nimewawekea beti nne za Al-Inkishafi, na swali likawa lile tunalouliza mwaka nenda mwaka rudi: eleza umbo la shairi hili, alama nne. Mwongozo wa kusahihishia nilikuwa nao mezani. Mishororo minne katika kila ubeti, alama moja. Vipande viwili katika kila mshororo, alama moja. Mizani, moja. Vina, moja. Kijana mmoja mkimya, aliyezoea kukaa karibu na mlango, aliandika sentensi hii peke yake: "Mshairi anahesabu kwa sababu anaogopa kufa."

Nikaizungushia duara nyekundu, nikaandika kando "Jibu swali", nikageuza karatasi. Zilikuwa zimebaki karatasi sitini na ushei na asubuhi zilitakiwa.

Sikumwita kumuuliza alimaanisha nini. Jambo hilo linaniuma hadi leo, kwa kuwa kijana yule alikuwa ameshika swali kubwa kuliko langu. Mimi nilikuwa nauliza umbo la shairi likoje. Yeye alijiuliza umbo linajua nini. Je, hesabu ya silabi, vina na vituo ni chombo tu, kama kikombe kinachobeba imani iliyomo katika maneno? Au umbo lenyewe lina imani yake, na linasema jambo ambalo maneno hayajalisema? Miaka yote nilifundisha kana kwamba ni kikombe. Niligawa ubao kwa mstari wa chaki: maudhui kulia, fani kushoto. Mstari ule sasa naufuta.

Shairi hili nililisikia kabla sijajua kusoma. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akilisoma kwa mahadhi mchana, kwetu Lamu, mtaa wa Mkomani, amekaa kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani wa nyumba, anasuka ukili. Miyaa ilikuwa imelowekwa kwenye beseni kando ya goti lake. Alilihifadhi shairi zima bila kulitazama popote, na mikono yake ilikuwa ikienda sawa na sauti: miyaa inapita juu, inapita chini, kisha panapofika kituo mkono unatulia kidogo, halafu unaendelea. Siku moja nilimuuliza kwa nini anapumzika pale pale kila mara.

"Ndoo uketi, mwanangu," akaniambia. "Lete zidole."

Akasoma mshororo mmoja polepole, na kwa kila silabi akanikunja kidole. Sita, akatulia. Kisha akaendelea: moja, mbili, tatu, nne. Vidole vyangu vyote kumi vikawa vimekunjwa, na mshororo haujaisha. Ilibaki silabi moja, imening'inia hewani.

"Bibi, hii ya kumi na moja niiweke wapi?"

"Rudi ulipoanza," akasema, bila kuinua macho kwenye ukili wake.

Nilirudi kwenye kidole cha kwanza, nikaona mshororo umekwisha. Nilikuwa na miaka saba hivi.

Watunzi wengi wa mashairi yetu wanapenda mizani kumi na sita, nane kwa nane. Hata maneno ya nyumbani huweza kuangukia humo. Bibi aliponituma, "Mwanangu nenda sokoni, ukaniletee ndizi," nane zilitangulia na nane zikafuata. Pande mbili zinalingana kama ndoo mbili za mzegazega: mbebaji anasimama wima, bega halimuumi. Lakini asubuhi, akitaka mwanga uingie, alikuwa akisema, "Mwanangu fungua dirisha hilo." Hesabu: sita, kisha tano. Sentensi hii inainama. Nusu ya kwanza imeahidi sita, nusu ya pili imelipa tano, na sikio linabaki likidai moja.

Huo ndio mwendo wa Al-Inkishafi, mshororo kwa mshororo, tangu mwanzo hadi mwisho. Sita, pumzi, tano. Kila ubeti una mishororo minne ya namna hiyo, kwa hivyo ubeti mzima una mizani 44, na hakuna mshororo hata mmoja unaoweza kukatwa katikati ukatoa nusu mbili sawa. Tunaiita mizani, neno la kitu cha sokoni chenye sahani mbili, lakini mizani ya shairi hili haikai sawa hata mara moja. Ni ajabu kwamba nilifundisha jambo hili kwa miongo mitatu nikitaja idadi tu, "sita na tano", wala nisijiulize kwa nini mtu aliyekuwa bingwa wa lugha achague kipimo kisicholingana alipotaka kuzungumzia mauti.

Mtu mwenyewe ni Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mwenyeji wa Pate, wa ukoo wa masharifu wa Sheikh Abubakar bin Salim wa Hadhramaut. Ni yapata miaka mia mbili sasa tangu alipotunga. Pate ilikuwa imeshapita kilele chake. Mji uliotajirika kwa biashara ya bahari, uliojenga majumba ya mawe ya matumbawe yenye zidaka za kupangia vyombo vya kauri, ulikuwa umechoka kwa vita na ugomvi wa kugombea ufalme. Na mwanzoni mwa karne ya 19, ulipoungana na Mazrui wa Mombasa kuishambulia Lamu, walishindwa pale Shela na nguvu zake zikamalizika. Katika shairi lake Sayyid Abdallah anauliza swali la wale wote walioona mji ukifa: wako wapi wenyewe? Anauonya moyo wake, anaupigia mifano ya dunia, anauingiza kwenye nyumba moja baada ya nyingine, anauonyesha popo na vifaranga vya ndege mahali palipokaa sahani, kisha anauteremsha hadi kaburini na Siku ya Kiyama, na mwisho mioto ya Jahanamu anaitaja kwa majina.

Mwaka niliostaafu nilikwenda Pate. Boti za kutoka Lamu hungoja maji yajae ndipo zipite mkondo wa Mkanda, na tulishukia Mtangawanda jua likiwa limeshapanda. Nilikuwa na shairi kichwani, nikidhani nitaona nyumba zilizobomoka. Nilichokuta ni tumbaku. Wenyeji hulima tumbaku ndani ya magofu, majani mapana ya kijani yamepangwa mistari mahali palipokuwa ukumbi wa wageni, kwa kuwa kuta za kale huzuia upepo na udongo ule umeshiba. Katika gofu moja ukuta ulikuwa bado umesimama hadi kifuani mwangu, una zidaka safu mbili. Nikaingiza mkono katika kimojawapo. Chokaa yake ya ndani ilikuwa laini kama kaure, na nyuma kabisa, penye kivuli, nyigu walikuwa wamejenga.

Nilisimama pale nikawaza juu ya neno ubeti. Kwa Mwarabu, bayt ni nyumba, na ni mstari wa shairi pia. Sisi tulilichukua tukaliita ubeti, na tukalipa mishororo minne. Nyumba za mawe za Pate, zilizojengwa kwa boriti za mikoko na chokaa, zimelala. Nyumba za Sayyid Abdallah, zilizojengwa kwa pumzi, zote zimesimama, na mtu anaweza kuingia katika yoyote akakuta kila ukuta mahali pake. Sidhani hili lilimpita. Mtu anayetunga ubeti juu ya nyumba iliyobomoka anajua neno lililo mkononi mwake.

Sasa vina. Hapa naomba msomaji anivumilie, maana hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Katika kila ubeti wa Al-Inkishafi, mishororo mitatu ya kwanza inaishia kwa kina kimoja, na ubeti unaofuata una kina kingine, na unaofuata kingine tena. Ni kama wageni: wanakuja watatu watatu, wanakaa, wanaondoka. Lakini mshororo wa nne wa kila ubeti, toka wa kwanza hadi wa mwisho, unaishia kwa sauti moja: -ye. Wanafunzi wangu waliandika "a a a b" wakapata alama yao. Ni jibu sahihi, na halijamfikisha mtu popote. Watunzi wetu hukiita kina hicho cha kurejea bahari, na jina hilo linasema zaidi ya herufi nne za alfabeti: vijito vitatu vinapita, na vyote vinamwagika kwenye bahari ile ile.

Na kwa nini -ye? Mtunzi angeweza kuchagua -ni, au -wa, sauti rahisi zilizojaa katika lugha. Katika Kiamu na Kipate cha kale, kitenzi cha jambo lililokwisha kutukia mara nyingi huishia hivyo. Waliokufa ni wafiye. Waliosalia ni wasaliye. Leo tunasema wamekufa, wamesalia, na kazi ya ule mwisho sasa inafanywa na -me- iliyo mbele. Lakini kwa sikio la Pate ya wakati ule, -ye ilikuwa mlio wa kitu kilichofungwa. Haisemi kitakwisha. Imekwisha. Sauti hiyo hiyo inaonekana pia katika aliye, yeye, mamaye, nduguye, kwa hivyo ni sauti ya mtu asiyekuwepo hapa anayetajwa. Basi tazama linalofanyika: mishororo mitatu inatuonyesha taa, vitanda, watu wanaotembea kwa maringo, vyote kwa sauti zinazobadilika, kisha wa nne unafunga mlango kwa mlio wa kitu kilichokwisha, na yule asiyeonekana anatajwa. Ubeti baada ya ubeti, shairi linatufundisha kungoja mlio ule. Tukifika ubeti wa ishirini, sikio limeshajua litakapoishia kabla akili haijajua nini kitasemwa. Hiyo ni elimu ya mauti inayoingia kwa njia isiyo ya hoja.

Kuna ubeti mmoja ambao nimeusoma mara nyingi kuliko mingine. Mtunzi anaorodhesha waliotoweka, na miongoni mwa majina anataja Ali bin Nasir. Hilo ndilo jina la babake. Anamtaja pia muamu wake Abubakar, yaani shemejiye, na masharifu wengine. Majina mengi ya Kiarabu huishia konsonanti, na Kiswahili hakiridhiki hivyo. Tunayaongezea irabu, Nasir anakuwa Nasiri, Abubakar anakuwa Abubakari. Kwa hivyo -ri inakuwa kina. Mtu huyu amechukua jina la baba yake mzazi, akalipima silabi kwa silabi, akalisimamisha mwishoni mwa mshororo na kulipangia wenzake wa kufanana nalo. Kisha wa nne unauliza wamekwenda wapi, na unaishia -ye.

Kila nikifikiri juu ya jambo hili hushindwa kuendelea haraka. Jina la baba limewekwa kwenye kina kinachopita. Halikuwekwa kwenye bahari. Mtoto aliyempenda babake angetamani jina lile lirudi kila ubeti, lijirudie hadi mwisho wa shairi, na ufundi wa kufanya hivyo alikuwa nao. Hakufanya. Alilipa mishororo mitatu, kama alivyowapa wengine wote, akaliachia. Maneno ya shairi yanasema kwamba hakuna anayebaki. Lakini maneno mtu anaweza kuyasema huku moyo umekataa. Tumesikia mahubiri mengi ya namna hiyo. Vina ndivyo vinavyoonyesha kwamba alikubali, kwa kuwa vina alivipanga kwa mkono wake.

Tamathali nyingine sitazikalia sana, kila mwongozo wa mwanafunzi unazo. Ipo tashbihi ya taa kwenye upepo, ipo ya mazigazi yanayomdanganya mwenye kiu. Moja tu sipiti bila kuigusa: dunia inafananishwa na vumbi linaloonekana katika mwali wa jua, ambalo mtu akilikamata haoni kitu mkononi. Nililijua vumbi lile. Nilipofungua dirisha alilonituma bibi, mwanga uliingia kwa mshazari hadi kwenye mkeka, na ndani yake chembe zilikuwa zikielea, za dhahabu, nyingi, na nilizirukia kwa viganja viwili. Bibi alikuwa akiniacha niruke. Sikumbuki kama aliwahi kunikataza.

Na kuna ile nidaa kwa moyo. Shairi zima ni mtu anausemesha moyo wake, anaulaumu, anauuliza kwa nini hauzinduki. Tulikuwa tukiandika "tashihisi" na kuendelea. Lakini kama moyo wangu ndio unaopenda dunia, na mimi ndiye ninayeukataza, basi mimi ni nani? Nani anabaki akizungumza pale moyo ukiwekwa upande wa pili? Kurani inataja nafsi yenye kulaumu, na wanazuoni wameandika vitabu juu yake. Sayyid Abdallah hakuifafanua. Alilichukua lile pengo lililo kati ya mtu na moyo wake akaliweka katikati ya kila mshororo, pale penye kituo, baada ya silabi ya sita. Upande mmoja unanena, kimya kinapita, upande wa pili unajibu pungufu.

Rafiki yangu mmoja, ustadhi ninayemheshimu sana, alinipinga tulipozungumza haya barazani kwao. Alisema: "Mwalimu, mtu akwambiaye dunia si kitu, mbona maneno yake ameyavisha kama bibi harusi? Toba haihitaji vina. Toba ni machozi na sijida." Akanikumbusha kwamba mtunzi mwenyewe, mwanzoni mwa shairi, anakiri anataka kutunga koja la lulu. "Lulu ni dunia," akasema.

Ni pingamizi la haki, na silipuuzi. Historia ya elimu hii imejaa watu walioipenda hesabu kwa ajili ya hesabu. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, ambaye asili yake ni Oman na aliishi Basra katika karne ya 8, ndiye aliyeziweka bahari za Kiarabu katika mpango, kumi na tano kwa jumla. Husimuliwa kwamba wazo lilimjia akipita soko la wafua shaba, akasikia nyundo zikipokezana. Sisi watu wa pwani tulichukua maneno yake, bahari na mizani na ubeti, tukaacha kanuni yake ya silabi ndefu na fupi, tukahesabu silabi zetu zote kuwa sawa. Na kwetu, Kaluta Amri Abedi, mwenye kitabu cha sheria za kutunga mashairi kilichochapishwa 1954, alikuwa mhubiri wa dini kabla hajawa Waziri wa Sheria wa Tanganyika. Haikuwa sadfa, nadhani. Mtu wa sheria ya Mungu na mtu wa sheria ya shairi wanajuana. Wanajuana pia kwa ugonjwa wao, wa kushika sheria na kusahau kilichowekewa sheria, na huo ndio ugonjwa nilioutia kwenye ile duara nyekundu.

Lakini nilimjibu ustadhi kwa kumkumbusha wudhuu. Maji yangetosha kumwagwa tu mwilini, na bado tunaosha kiungo kimoja baada ya kingine, kulia kabla ya kushoto, mara tatu. Hakuna anayesema huko ni kupamba. Uangalifu wenyewe ni namna ya kumwelekea Unayemwelekea. Mtu anayeamini kwamba atasimama mbele ya mizani siku moja, akaweka mbele yetu maneno ambayo kila moja limepimwa, haipambi dunia. Anafanya mazoezi ya siku ile.

Na nilimwambia jambo jingine, ambalo huenda halikumpendeza. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yake yasiyo na vina wala mizani ya mapokeo yalizua ugomvi ambao haujatulia hadi leo. Wengi wa kizazi changu tulimwona kama mtu aliyeshindwa kazi tu. Sasa sioni hivyo. Kezilahabi alikuwa mtu wa mashaka makubwa, aliyeuliza kwa uchungu kama maisha yana maana yoyote. Mtu wa namna hiyo angewezaje kutumia bahari, kina kinachorejea kila ubeti? Ingekuwa ni kusema uongo kwa umbo huku maneno yakisema kweli. Mwenye kuamini kwamba kuna marejeo anaandika shairi linalorejea. Asiye na hakika ya marejeo anaacha mshororo uishie popote pumzi inapoishia. Nawaona wote wawili kuwa waaminifu, na nawatilia shaka zaidi wale wanaopanga vina kwa kuwa ndivyo walivyofundishwa, au wanaoviacha kwa kuwa ndivyo ilivyo siku hizi.

Haya yote nisingeyafikia kwa kusoma tu. Niliyafikia siku tulipomwosha mama.

Alifariki alfajiri, nyumbani, kwenye chumba kile kile cha dirisha. Waoshaji walikuwa wanawake watatu: mwosha mwenyewe, ambaye ni mama mtu mzima wa mtaani aliyeosha watu wengi kuliko anavyokumbuka, kisha binamu yangu, na mimi. Nilipewa kazi ya kumwaga maji. Josho la kwanza mwosha alilifanya kwa majani ya mkunazi yaliyopondwa, mkono wake umefungwa kitambaa, na nguo juu ya mama haikuondoka hata mara moja. Upande wa kulia kwanza, kisha wa kushoto. Nikamwaga mara ya pili. Mara ya tatu. Mwosha akatazama, akasema bado. Nikamwaga mara ya nne, na mwili ukawa safi, nami nikaiweka kata chini.

"Ongeza moja, mwanangu," akasema. "Tusiishie nne."

Nilijua sheria. Maiti huoshwa kwa witiri, tatu au tano au saba, na tumefundishwa tangu chuoni kwamba Mwenyezi Mungu ni Mmoja na anapenda witiri. Lakini nilikuwa sijawahi kuisikia namba ikisemwa kwa sauti ile, ya upole na ya haraka, kama mtu anayekuzuia usifunge mlango mtu bado yuko nje. Nne ilikuwa imetosha kwa macho. Nne inagawanyika: mbili na mbili, imelingana, imekwisha, unaweza kuondoka. Ile ya tano, yenye kafuri, ndiyo iliyotuzuia kuondoka. Nikaichota kata. Harufu ya kafuri ilijaa chumba, na mkono wangu ulipokuwa ukimwaga, sikio langu likasikia sita, kituo, tano.

Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yetu pwani, sala ya witiri uchache wake ni rakaa moja na ukomo wake ni kumi na moja. Sidai kwamba Sayyid Abdallah aliwaza hilo alipochagua mizani yake. Kipimo kile hakikuwa chake peke yake. Lakini alikuwa mtu wa kusali usiku, na masikio ya mtu hujengwa na anachokisali. Kumi na moja haigawanyiki. Ukiipa sita upande huu, ule utapungua. Ukitaka kuilinganisha, daima itabaki moja mkononi, na hiyo moja huna pa kuiweka hapa. Mali ya Pate iligawanywa. Mirathi ina mafungu yake, nusu na robo na thumuni, na kila kilichokuwa ndani ya majumba yale kiligawiwa mtu hadi kikaisha. Shairi lilitungwa kwa namba ambayo haiwezi kufanywa hivyo.

Basi kijana wa karibu na mlango alikuwa ameona. Mshairi anahesabu, na mauti yamo katika hesabu yake. Ila leo, lau angenisikiliza, ningemwongezea neno, na yeye angenijibu, na hayo yangekuwa mazungumzo ambayo mwalimu hupata mara chache. Ningemwambia kwamba hofu peke yake haihesabu. Hofu hukimbia. Nilimwona binamu yangu akitoka chumbani mara mbili siku ile, na sikumlaumu. Anayehesabu ni yule aliyebaki, aliyeshika kata, anayemwaga kwa zamu kwa sababu kuna jambo la kufanya sawasawa hata pale ambapo hakuna la kuzuia.

Usiku wa hitima, wageni walipokwisha kuondoka, nilikaa kwenye kiwanda mahali alipokuwa akikaa bibi. Nilisoma ule ubeti wenye jina la Ali bin Nasir. Kisha nikajaribu kufanya kama alivyofanya yeye: nikachukua jina la mama na jina la babake, na "binti" katikati, nikatafuta namna ya kuyasimamisha ndani ya mshororo. Sita za kwanza zilikaa vizuri. Za pili zikazidi moja. Nikahamisha "binti", nikafupisha jina la babu kama tulivyokuwa tukiliita nyumbani, nikakunja vidole upya. Sita. Kituo. Moja, mbili, tatu, nne. Vidole viliisha, nikarudi nilipoanza.